Mteja akishapanda ndege: mwongozo wa kuuza sanaa kwa barua pepe

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli na vipande vya mraba vya ubao mgumu, wanunuzi wake walikuwa zaidi wageni waliokaa upande wa Oysterbay na Msasani. Walinunua, mikataba yao ya kazi ikaisha, wakarudi kwao na picha. Zaidi ya miaka hamsini baadaye biashara inaenda vilevile, iwe Msasani, Mwenge kwenye vinyago, Ngome Kongwe Unguja au Maasai Market Nairobi. Mgeni anakuja, anachagua, mnapatana bei, turubai inaviringishwa, anapanda ndege. Mchoraji anabaki kumngoja mgeni mwingine asiyemjua.

Mwaka 2020 ulianika udhaifu wa biashara hiyo. Watalii walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka uliofuata wakabaki laki sita na kidogo. Wenye meza walikaa na picha zinazopata vumbi. Wakati huohuo, Ulaya na Marekani, watu waliofungiwa majumbani walikuwa wakitazama kuta zilezile kila siku, na kwenye kuta nyingine zimetundikwa picha zilizonunuliwa huku kwetu. Mnunuzi yupo, mchoraji yupo, lakini hakuna mwenye anwani ya mwenzake.

Mwongozo huu ni wa mchoraji au mchongaji mwenye meza, kibanda au studio, anayeuza kwa watu wanaopita na kuondoka. Simu janja inatosha. Kompyuta ikiwepo ni nyongeza. Msimamo wangu ni huu: anayenunua kwa urahisi kuliko wote ni yule aliyekwisha kununua kwako, na barua pepe ndiyo njia ya kumfikia. Huhitaji maelfu ya watu. Wanunuzi themanini wanaokukumbuka wana faida kuliko wafuasi elfu kumi wa Instagram wanaobonyeza moyo na kupita.

Mtu atauliza kwa nini si WhatsApp. WhatsApp ni nzuri kwa mteja wa Mikocheni au Kilimani, na kwa ndugu zetu walioko Muscat au Toronto. Lakini mtalii mara nyingi anakupa namba ya laini aliyoinunua uwanja wa ndege, na laini hiyo anaitupa siku ya kuondoka. Imeili yake anaweza kukaa nayo miaka ishirini.

Kwanza, anwani yako mwenyewe

Fungua anwani ya kazi, tofauti na ile unayopokelea matokeo ya mtoto shuleni. Iwe na jina lako la sanaa na isiwe na tarakimu nyingi. Ukiwa na wanunuzi chini ya hamsini, Gmail ya bure inatosha kabisa: unaandika barua moja, unainakili, unabadilisha salamu na mstari wa kwanza kwa kila mtu. Kazi ya jioni moja, na barua inasomeka kama barua. Kitu kimoja tu usikifanye: kuwaweka watu wote kwenye sehemu ya mpokeaji, kila mmoja akaona anwani za wenzake. Ukilazimika kutuma kwa mpigo, tumia nakala iliyofichwa, sehemu iliyoandikwa Bcc. Gmail ya bure inaruhusu wapokeaji 500 kwa siku, lakini ukiwatumia hata mia kwa mpigo mmoja, mitambo huanza kukushuku.

Orodha ikikua, hamia kwenye huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Mailchimp, MailerLite au Brevo. Zote zina daraja la bure lenye mipaka, na mipaka hiyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma masharti siku unayojiunga. Hapo ndipo utahitaji kikoa chako mwenyewe, yaani anwani inayoishia na .co.tz, .co.ke au .com yako. Sababu ni hii: tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na barua inayotumwa kupitia huduma ya nje huku ikidai imetoka kwenye anwani ya bure ya Gmail inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye spamu, yaani folda ya barua taka. Kwenye mipangilio ya kikoa kuna kumbukumbu tatu za kuweka, SPF, DKIM na DMARC, ambazo kwa pamoja zinathibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Huduma yenyewe itakupa maandishi ya kunakili. Kijana yeyote anayetengeneza tovuti atakuwekea kwa muda mfupi.

Jina la mtumaji lina uzito kuliko unavyodhani. Mgeni aliyepita Unguja siku nne hakumbuki jina lako. Anakumbuka mahali. Weka jina lako kisha mahali: fulani, mchoraji wa Ngome Kongwe. Na ukishachagua, usibadilishe.

Kukusanya anwani mezani

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa kuwa wanaomba vibaya. "Naomba imeili yako" ni ombi la papasi, wale wanaowafuatafuata watalii, na mgeni amekwishaombwa mambo kumi tangu ashuke boti. Mpe sababu yenye faida kwake, tena sababu hiyo unayo mkononi. Anaondoka na turubai iliyoviringishwa, na akifika kwao hajui afanye nini nayo. Itabidi iwambwe kwenye fremu. Je, aipige pasi? Aioshe? Aiweke juani? Mwambie hivi: nitakutumia maelezo ya picha hii, maana yake na namna ya kuiwamba, pamoja na cheti chenye jina langu na mwaka niliochora. Sasa anwani inahitajika kwa ajili ya picha yake, na anakuandikia bila kusita.

Omba baada ya pesa kupokelewa, wakati unafunga picha. Ukiomba kabla, unaonekana unavuta mazungumzo.

Namna ya kuipokea ndiyo inayoamua kama utaitumia. Mwandiko wa watu ni balaa: herufi l inasomeka kama moja, o inasomeka kama sifuri, na barua inagonga mwamba. Njia nzuri zaidi ni kutengeneza msimbo wa QR unaofungua barua tupu kwenda kwako, kuuchapisha kwenye karatasi ngumu na kuuweka mezani. Mgeni anauelekezea simu, anabonyeza tuma, basi. Umepata anwani isiyo na kosa, umepata ushahidi kwamba alikuandikia kwa hiari yake, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza mazungumzo, jibu lako lina nafasi kubwa ya kufika kwenye sanduku lake badala ya spamu. Kama hana bando, tumia daftari: aandike kwa herufi kubwa, wewe usome kwa sauti kabla hajaondoka.

Mweleze pia, kwa maneno machache, kwamba utamwandikia ukiwa na kazi mpya, si zaidi ya mara moja kwa mwezi, na kwamba anaweza kukataa. Akisema anataka cheti tu, mtumie cheti na uishie hapo.

Jioni hiyohiyo, kabla hujasahau sura, ingiza kwenye jedwali la simu: jina, anwani, nchi, lugha, picha aliyochukua na vipimo vyake, bei, tarehe, na maneno machache ya kumkumbuka, kwa mfano "alisita kati ya twiga na ngalawa, akachukua twiga". Maneno hayo ndiyo yatakayokuletea pesa mwakani. Usiandike kitu ambacho ungeona haya akikisoma mwenyewe.

Kuna wanunuzi usiowaona kabisa, wale wanaonunua picha zako dukani au kwa dalali. Mbele ya picha umetia sahihi jina moja tu, na wachoraji wenye jina hilo ni wengi. Andika nyuma ya turubai, kwa kalamu isiyofutika: jina kamili, jina la picha, mwaka na imeili. Baadhi ya wenye maduka hawatafurahi, wakihofia kwamba utawapita. Hofu yao ina msingi. Mimi naona dawa ni makubaliano ya wazi: mteja aliyetoka dukani kwako akinitafuta ndani ya mwaka mmoja, nawe utapata fungu lako. Anayekataa hata hilo, anayetaka jina lako lifutike kabisa, fikiri mara mbili kama unataka kuendelea kumpa kazi.

Barua tatu za mwanzo

Barua ya kwanza iende ndani ya siku mbili, pengine mgeni bado yuko Arusha kwenye safari yake. Ina cheti, jina la picha, na maelezo uliyoahidi. Mwambie aitoe kwenye mviringo mapema, ailaze juu ya kitu safi na bapa, asiipige pasi, asiifute kwa kitambaa chenye maji mengi, asiitundike inapopigwa na jua moja kwa moja. Mwambie fundi wa fremu atahitaji ukingo wa turubai wa kukunjia. Ikiwa uliacha sentimita tano kila upande, sema hivyo. Halafu aya moja juu ya picha yenyewe: ni samaki gani wale, kwa nini ndege anaangalia nyuma, hadithi ya shetani uliyoisikia kwa nani. Mwenye picha ataulizwa na wageni wake sebuleni, naye anahitaji jibu. Barua hii haiuzi chochote, hata kwa kudokeza.

Ya pili subiri wiki tatu au nne. Ni fupi sana: picha imefika salama? Umeitundika wapi? Nitumie picha ya ukuta wako. Watu hupenda kujibu swali hili, na faida yake ni tatu kwa pamoja. Mtambo wa barua unajifunza kwamba nyinyi mnaandikiana. Unapata picha za kazi yako ikiwa Hamburg juu ya kochi la mtu, ambazo kwa ruhusa yake unaweza kuwaonyesha wengine. Na unaona ukuta: kama kuna nafasi tupu pembeni, umekwisha kujua ukubwa wa picha inayofuata.

Ya tatu ndiyo ya kwanza kutaja kazi mpya. Ipeleke baada ya miezi miwili hivi, utakapokuwa na picha inayolingana na aliyoichukua.

Lugha? Andika ya mnunuzi kama unaiweza. Unguja kuna Waitaliano wengi, na barua ya Kiitaliano hata yenye kasoro ndogo inafungua mlango. Tafsiri ya mashine siku hizi inasaidia, ila andika sentensi fupi kabla ya kuipa, na mara ya kwanza mtafute mwongoza watalii anayeijua lugha hiyo aisome. Kwa Mswahili wa ughaibuni andika Kiswahili chako cha kila siku. Huyo ananunua harufu ya nyumbani. Ukimwandikia Kiingereza cha brosha unamfukuza.

Kuipiga picha kazi yako

Rangi ya mafuta ya makopo inang'aa, na kung'aa huko ndiko kunakoharibu picha za simu. Zima taa ya simu. Toka nje asubuhi, kwenye kivuli chepesi, ukuta wa upande usiopigwa na jua. Simamisha kazi wima, simu iwe sawa na katikati yake, usiinamishe. Pande zikionekana kama zinakutana juu, umeinamisha. Piga nne: kazi nzima, kipande kwa karibu kinachoonyesha mapigo ya brashi, kazi ikiwa ukutani pamoja na kiti au mlango ili ukubwa uonekane, na mkono wako ukiwa kazini. Ya mwisho ndiyo watu wanaitazama sana.

Punguza upana hadi pikseli 1200 hivi, na uzito chini ya kilobaiti 300. Msomaji naye yuko kwenye simu. Usichukue picha iliyopita WhatsApp, kwani imekwishabanwa ikapoteza rangi. Kama fundi picha anakutumia, atume kama faili. Kila picha iandikie maelezo ya maneno, kwa sababu kuna programu zinazozuia picha mpaka mtu abonyeze, na kuna wasomaji wasioona vizuri. Usitengeneze barua nzima kuwa bango moja la picha, kama zile kadi za harusi zinazozunguka WhatsApp. Ikizuiwa, msomaji anaona ukurasa mweupe.

Barua ya kawaida

Mara ngapi? Kila unapomaliza kazi nzuri, lakini isizidi mara moja kwa mwezi na isipungue mara nne kwa mwaka. Ukinyamaza mwaka mzima, utakapoibuka watadhani ni tapeli.

Barua moja, kazi moja, ombi moja. Naona wachoraji wakituma kazi kumi na mbili na kumwambia mteja achague. Mezani hilo linafaa, kwa sababu upo hapo kumsaidia. Kwenye simu anatazama, anaona kuchagua ni kazi, anaahirisha, na ndiyo imeisha.

Mfano, kwa bei za kubuni:

"Habari za huko. Masika yameanza Unguja, nimehamishia meza ndani ya baraza. Wiki hii nimemaliza ngalawa tatu zinarudi Kizimkazi, sentimita 60 kwa 80, rangi ya mafuta juu ya turubai. Samawati yake ni ileile ya twiga uliyemchukua mwaka jana. Bei ni dola 180, na kuituma hadi kwako ni dola 60. Ijumaa jioni nitaiweka Instagram. Kabla ya hapo ni ya nyinyi mnaonijua. Ukiitaka, jibu barua hii kwa neno moja: naitaka."

Angalia yaliyomo. Kuna mahali na hali ya hewa, ambavyo vinamrudisha. Kuna kumbukumbu ya picha yake, ambayo umeitoa kwenye jedwali. Kuna vipimo, kwa Mmarekani ongeza inchi, 24 kwa 31 na nusu. Kuna bei. Na kuna siku mbili tatu za upendeleo, ambazo lazima ziwe za kweli. Ukiahidi Ijumaa halafu kazi ikaonekana Instagram Jumatano, ahadi yako haitaaminika tena.

Kuhusu bei wachoraji wengi wananibishia. Wanataka kuificha ili mteja aulize. Mimi nasema iandike. Mezani kupatana ni sehemu ya mchezo, lakini wageni wengi mchezo huo uliwachosha, na bei iliyoandikwa inawapumzisha. Sharti lake ni kwamba bei ya barua isiwe mbali mno na ya mezani, maana wapo wanaorudi, na wanao marafiki.

Kichwa cha barua kiwe kifupi, herufi arobaini hivi, kwa sababu simu inakata kilichobaki. "Ngalawa tatu, kabla ya Instagram" ni kizuri. "OFA KUBWA!!!" kinaenda spamu, na kinastahili. Chini ya kichwa kuna mstari mdogo unaoonekana kabla barua haijafunguliwa. Usiuache uokote maneno ovyo, uandike mwenyewe.

Saa ya kutuma isikuumize kichwa sana. Saa nne asubuhi ya Mjerumani ni saa tano kwetu wakati wa kiangazi chao, saa sita wakati wa baridi yao. Ukimlenga mtu wa New York saa tatu asubuhi, tuma saa kumi jioni, au kumi na moja kwao kukiwa baridi. Majira ya mwaka yana maana zaidi. Oda za Krismasi zitangaze Oktoba na uzifunge mapema Novemba, kwa kuwa rangi inahitaji kukauka na posta ina foleni zake. Kisha kuna Machi hadi Mei: mvua, hoteli nyingine zimefungwa, meza haina mtu. Barua yako bora ya mwaka itunzie miezi hiyo. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba wakati hakuna mgeni.

Akijibu "naitaka"

Jibu siku hiyohiyo. Wa kwanza ndiye mwenye picha. Wengine waambie imechukuliwa na uwaulize kama wangependa ya namna hiyo kwa oda. Oda, kwa kweli, ndiyo mavuno makubwa ya orodha hii. Mtu anataka twiga wake awe na mwenzake, lakini upana usizidi nafasi ya juu ya kabati. Muulize vipimo, rangi asizozipenda, siku anayohitaji, na uchukue nusu ya malipo kabla ya kununua turubai. Mtumie picha kazi ikiwa imefika katikati. Marekebisho mwambie mapema ni mara moja tu.

Malipo: kabla ya kutaja njia yoyote, hakikisha akaunti yako inaweza kupokea kutoka nje. Kuna huduma ambazo katika baadhi ya nchi zetu zinaruhusu kulipa tu, na mtu hugundua hilo mteja akiwa tayari na kadi mkononi. Hawala ya benki inafika ila ina makato. Huduma za kutuma pesa kutoka Ulaya hadi M-Pesa au Airtel Money ni nyepesi kwa kiasi kidogo. Jaribu kwa pesa ndogo kupitia ndugu au rafiki aliyeko huko kabla hujampa mteja maelekezo.

Kutuma: viringisha upande wa rangi ukiwa nje, maana ukiwa ndani rangi nene hujibana na kupasuka. Weka karatasi safi katikati, tumia bomba la plastiki la mifereji lenye kipenyo kisichopungua sentimita kumi, lifunge vifuniko pande zote. Rangi iwe imekauka kabisa, si ile ya kugusa kwa kidole tu. Kazi za ubao uza ndogo, kwa sababu uzito utameza faida. Tuma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, au kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia, na namba hiyo umpelekee mteja saa ileile. Mwambie mapema kwamba ushuru wa kwao, ukiwepo, ni juu yake.

Sasa matapeli, kwa sababu anwani yako ikiwa hadharani watakuja. Barua yao inafahamika na wasanii dunia nzima. Mwanamume anaandika kwamba mke wake amekuwa akitazama kazi zako, na anataka kumshtukiza siku ya kumbukumbu ya ndoa. Hataji picha gani. Hapatani bei. Yuko safarini, kwa hiyo atatuma hundi, na hundi ikija ina pesa zaidi ya bei. Ziada umtumie "wakala wa usafirishaji" wake. Unaituma, wiki kadhaa baadaye benki inasema hundi ni feki, na deni ni lako. Kanuni ni rahisi: usirudishe wala kupeleka ziada ya mtu yeyote, usipokee hundi kutoka nje, na picha isitoke mpaka pesa ionekane ndani ya akaunti yenyewe. Barua inayosema "umelipwa" si malipo. Fungua programu ya benki, utazame kwa macho yako.

Sheria, kwa ufupi

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda nayo ilipata yake mwaka huohuo, na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Umoja wa Ulaya una kanuni zake zinazotumika tangu Mei 2018, na zinaweza kumgusa hata aliye nje akiwauzia watu wa huko. Roho yao inafanana: uwe na ridhaa, tumia anwani kwa ulichosema, zilinde, na anayetaka kufutwa mfute. Usiuze orodha, usimwazime mwenzako wa meza ya jirani, usinunue ya mtu. Sheria ya Marekani ya 2003 inadai barua ya biashara iwe na anwani halisi ya posta na njia ya kujiondoa inayotekelezwa ndani ya siku kumi za kazi. Sanduku la posta linakubalika, kwa hiyo lile S.L.P. la zamani limepata kazi.

Njia ya kujiondoa isifichwe. Anayeikosa atabonyeza kitufe cha spamu, na malalamiko machache tu yanatosha kuwafanya hata wanaokupenda wasipate barua zako.

Kuhesabu na kusafisha

Huduma zitakuonyesha asilimia ya waliofungua. Usiiamini sana: tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple hupakia picha zenyewe hata kama mtu hajasoma, na mtambo unahesabu kwamba amefungua. Hesabu majibu, oda na pesa. Kwenye daftari, mbele ya kila barua uliyotuma, andika picha ipi, kichwa gani, waliojibu, waliolipa. Baada ya barua sita hivi utaanza kuona kwamba ngalawa zinajibiwa na simba hawajibiwi, au kinyume chake, na hilo litakuongoza hata ukiwa dukani unanunua rangi.

Mara moja kwa mwaka, meza ikiwa imepoa, pitia orodha. Barua iliyogonga mwamba mara mbili, futa anwani hiyo. Asiyejibu wala kubonyeza chochote kwa mwaka na nusu, mwandikie mistari miwili ya kumuuliza kama bado angependa kusikia kutoka kwako, akinyamaza mtoe. Mmoja tu nisingemtoa kwa haraka, yule aliyenunua kazi kubwa. Watu wa namna hiyo hukaa kimya miaka mitatu, wakahama nyumba, kisha siku moja wakakuandikia kuuliza kama unaweza kuchora kitu cha ukuta wenye upana wa mita mbili.